Mpiga shabaha wangu bora kumbe ni mtoto wa P7 (darasa la saba). Nimpigie mama yake?

Kamanda_Malaba

Habari zenu wakuu. Nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa, na nyumbani sina wa kumuuliza, maana mke wangu ukimtajia PUBG, gemu la kupigana risasi kwenye simu, anaondoka chumbani.

Mimi ni karani wa wakala wa forodha hapa mpakani Malaba, upande wa Uganda. Kazi yangu ni makaratasi ya malori, na zamu yangu mara nyingi ni ya usiku. Lori likishaingia foleni unaweza kukaa saa mbili hujaitwa na mtu. Ndipo nilipoanza PUBG Mobile. Klani yetu, yaani kundi letu la wachezaji, ilizaliwa Januari 2021, zile siku za uchaguzi intaneti ilipozimwa nchi nzima. Sisi wa mpakani laini ya Kenya inashika mpaka kitandani, kwa hiyo tukabaki hewani na jamaa wa Mombasa na Eldoret, huku wenzetu wa Kampala wamepotea kama jiwe ziwani. Tangu hapo lugha ya maiki kwetu ni Kiswahili. Kiganda hakivuki Malaba, na Kiingereza hakuna anayekikumbuka akiwa anapigwa risasi za mgongo.

Kwenye skwadi yangu kuna mmoja tunamwita Kadogo. Alijiunga mwezi wa pili, akasema ana miaka 17. Sauti ilikuwa nyembamba, nikasema wengine huchelewa. Kijana anapiga huyo! Mwacheni juu ya kilima na bunduki ya kudungulia, ninyi wengine mtembee tu mkiokota vitu. Tumepanda hadi ngazi ya Crown kwa mgongo wake.

Sasa juzijuzi, saa saba usiku, tuko kwenye ndege ya gemu tunasubiri kuruka, akaniuliza kwa kunong'ona, "Kamanda, LCM ya 12 na 18 ni ngapi?" Hesabu ya shule hiyo. Nikamwambia 36. Kimya kidogo, nikasikia penseli ikikwaruza karatasi. Akasema, "Asante, kesho tuna moko. Tunaruka wapi?"

Moko? Mtihani wa majaribio wa nini? Nikambana. Ana miaka 13, yuko P7, Novemba anakaa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Anacheza kuanzia saa sita hadi saa nane, tisa, karibu kila usiku, kwa sababu ndipo bando la usiku linapofunguka. Simu ni ya mama yake. Mama akishapitiwa na usingizi, dogo anaichomoa kwenye chaji.

Na kuna hili. Mara tatu nilimtumia hela ya bando kwa mobile money: elfu mbili, elfu mbili, halafu elfu moja. Kila mara jina lililotokea kabla ya kuthibitisha ni la mwanamke. Nilidhani ni dada yake. Kwa hiyo namba ya mama ninayo kitambo, na dogo amekiri kwamba meseji za hizo hela anazifuta.

Nimpigie mama? Nimtoe dogo kwenye klani kimyakimya? Au ninyamaze kwa kuwa si mwanangu? Na Jumamosi ya wiki ijayo tuna mechi na klani ya Mwanza ambayo bila yeye tutaaibika. Hilo la mwisho nimeliandika kwa kuwa ni kweli, msinitukane.

Simba_Katwe

Kamanda, usimchongee dogo. Sisi wote tulitoroka usiku kwenda vibanda vya video na leo tuko hapa tunalipa kodi. Mwambie tu mwisho wa kucheza ni saa sita.

Kamanda_Malaba

Boss, bando lenyewe linaanza saa sita.

Simba_Katwe

Haya basi.

Mzee_wa_Lagi

Samahani kutoka nje ya mada. Hapo Malaba seva ya Ulaya unapata pingi ngapi, yaani data inachelewa milisekunde ngapi?

Kamanda_Malaba

Usiku laini ya Kenya 150, ya Uganda 170. Mchana usiniulize.

Kisauni_Boy

Uganda hamna bahari, data yenu nyingi inashuka kwanza huku Mombasa ndipo iingie kwenye nyaya za baharini. Kwa hiyo risasi zenu zinapita mlangoni kwangu. Nilipieni ushuru.

Kuhusu dogo, mtoe. Klani yetu tumeamua, sauti ya mtoto ikisikika tunamuaga kwa heshima. Wakubwa wakiwa kwenye maiki wanatukana, wanaongea habari za wanawake, mtoto anabeba yote.

Mama_Wawili_Jinja

Nimesoma mara mbili kabla ya kujibu. Kaka, hiyo PLE iweke pembeni kwanza. Mwanamume mzima, mwenye mke, anaongea na mtoto wa watu saa saba usiku. Mtoto ananong'ona asisikike. Mwanamume anamtumia pesa, mtoto anafuta meseji. Mimi nimekuamini kwa sababu umeyasema mwenyewe bila kuulizwa. Lakini huyo mama akiikuta meseji moja tu kabla hujampigia, aielewe vipi? Angekuwa binti yako, wewe ungeielewa vipi?

Usitume hata shilingi mia tena. Mpigie mchana, si usiku. Mkeo awe pembeni na simu iwe kwenye spika. Taja jina lako kamili na unapofanya kazi kabla hajauliza. Na hizo pesa uziseme wewe, usimwachie mtoto kazi ya kuzieleza.

Kamanda_Malaba

Nnyabo, nimesoma hii nikiwa getini na fomu za dereva mkononi, nikakaa chini. Dereva akaniuliza kama nimefiwa. Upande huo sikuwahi kuutazama hata siku moja. Kichwani mwangu mimi nilikuwa kaka mkubwa.

Mwalimu_Tororo

Nafundisha P7. Wanaosinzia saa nne asubuhi wakati wenzao wameamka kabisa nawajua kwa majina, na siku hizi sababu ni hiyohiyo: simu ya mama na bando la usiku. Wazazi wanakuja shuleni wanasema mtoto ana malaria.

Kwa wasioijua PLE: masomo manne, siku mbili, na hesabu yake ni kadiri unavyopata kidogo ndivyo ulivyofaulu. Bora kabisa ni 4, mwisho ni 36, na daraja la kwanza linaishia 12. Mtoto mwenye 8 na mwenye 13 hawakupishana sana akili, ila mwezi wa pili hawaingii geti moja la sekondari. Moko ni kipimo tu, bado ana muda wa kurekebisha. Lakini muda huo haupatikani saa nane usiku.

Kumtoa sikubali, Kisauni. Mtoto anayefanya hesabu ndani ya ndege ya PUBG bado anajali shule. Ukimfukuza kwako leo, kesho usiku yuko klani nyingine, na huko hakuna atakayeshtuka kusikia neno moko.

Kisauni_Boy

Mwalimu, kwako wewe ni rahisi kusema. Mimi siwezi kuwa mlezi wa watoto wa Afrika Mashariki nzima. Nimeingia kucheza.

Mwalimu_Tororo

Simu moja tu kwa mama mmoja. Afrika Mashariki nzima hakuna aliyekupa.

Papa_Nakivale

Kaka, uambie mama yake. Kwetu mutoto ni wa bote. Mimi nilikalaka na mutoto wa ndugu, alikula forfait, ile bando, yote ya nyumba mu usiku moja, na asubuhi tukakosa kuongea na watu ba Goma. Njo vile.

Mama_Wawili_Jinja

Kamanda, nina swali ambalo hujalijibu kwa kuwa hakuna aliyekuuliza. Ndani ya klani, nani mwingine anamwandikia huyo mtoto pembeni?

Kamanda_Malaba

Nimemuuliza dogo. Wawili. Mmoja alimwahidi UC, zile pesa za ndani ya gemu, kwa bei ya chini, akataka nenosiri la akaunti. Dogo alikataa, akili anayo. Huyo nimemwondoa jana na nimemripoti ndani ya gemu. Wa pili ni rafiki yangu, hana ubaya, yeye anaweka vipande vya mechi zetu TikTok. Anavyo vitatu vya Kadogo akidungua. Nimevirudia leo kwa masikio mengine. Kwenye kimoja mtoto anataja jina la shule yake.

Wakili_Nusu

Hicho kifutwe leo, kesho ni mbali. Sheria ya Uganda ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto, na marekebisho ya 2022 ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta yaliweka katazo la kusambaza habari za mtoto mtandaoni bila ridhaa hiyo. Rafiki yako hana nia mbaya, sawa, lakini sauti, jina la shule na saa anazokuwa macho, vyote mahali pamoja, anayetafuta watoto hahitaji kingine. Huyo wa UC piga picha za skrini kabla mazungumzo hayajafutika, umpe mama. Akizidi kusumbua, 116 ya Sauti ni namba ya watoto, haikatwi pesa.

FundiSimu_Wandegeya

Mimi niseme ya simu. Watu watamwambia mama aweke Family Link, ile programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto. Haitamsaidia, maana inataka mtoto awe na simu na akaunti yake, na hapa simu ni ya mama mwenyewe. Afanye vitu vitatu. Abadilishe namba ya kufungulia simu, dogo anaijua. Abadilishe PIN ya mobile money, dogo anaijua pia, nakuapia, ndiye humsaidia mama kutuma. Halafu Play Store aiweke idai nenosiri kila manunuzi, kwa sababu zipo laini ambazo UC zinakatwa moja kwa moja kwenye muda wa maongezi na mzazi anabaki kulaumu kampuni ya simu. Nimewapokea wengi dirishani kwangu wakiwa na hasira hizo.

Simba_Katwe

Mmeshamfunga dogo jela nyinyi.

Kamanda_Malaba

Nimepiga. Naandika yote.

Jumapili alasiri, mke wangu kakaa pembeni yangu kitandani, yeye yule wa kuondoka chumbani. Nikataja jina, kazi, Malaba, nikasema nacheza gemu la simu na mwanao na sikujua umri wake. Mama akasema, "Wewe ndiye Kamanda?" Nikasema ndiyo. "Nilidhani Kamanda ni mtoto wa darasa lao. Anakutaja akila." Kisha akaniuliza nina miaka mingapi. Nikasema 31.

Hakujibu. Nilisikia mafuta yakichemka kwenye kikaango. Anauza chapati, anaamka saa kumi alfajiri kukanda unga, na miezi yote hii alikuwa anakuta simu ina chaji kidogo. Alishaweka hela pembeni ya kununua betri mpya.

Nilipofika kwenye zile elfu tano akanikatiza, "Mpe mkeo simu." Wakaongea kama dakika ishirini. Sehemu nilizosikia ni hizi: picha za yule wa UC amezitaka zote, na mke wangu alisema "hapana, ni mjinga tu" mara mbili. Nadhani nilikuwa natetewa.

Jioni ikaingia mobile money. Elfu tano, pamoja na ada ya kutolea. Sikuwa nimedai.

Uamuzi wake: simu inalala chini ya mto wake. Kadogo anacheza Jumamosi tu, saa tisa hadi saa kumi na moja, hapohapo jikoni, na bila visikizi, ili kila neno tunalosema alisikie. Nimewaambia wenzangu. Mmoja ameacha matusi, mmoja ameacha kuja Jumamosi. Klipu zimefutwa.

Kadogo aliniandikia neno moja, "Umenichongea," akanifuta kwenye orodha ya marafiki.

FundiSimu_Wandegeya

Na PIN?

Kamanda_Malaba

Alikuwa anaijua. Imebadilishwa.

Mwalimu_Tororo

Mechi ya Mwanza?

Kamanda_Malaba

Ilikuwa jana saa tatu usiku, tukaenda bila yeye. Watu wa Mwanza walitufanya kama wale wachezaji bandia wa kompyuta. Sitaki kuiongelea.

Ila jana hiyohiyo mchana, saa tisa na dakika mbili, jina lake likawaka kijani kwenye klani. Akaingia skwadi bila salamu. Dakika kama kumi na tano nzima anaongea na wengine, mimi kama sipo. Zoni, lile duara salama la gemu, ikatubana karibu na daraja, nikaangushwa nyuma ya ukuta, natambaa, damu inaisha, na aliye karibu ni yeye peke yake. Kwenye maiki yake mafuta yanachemka. Nikasikia mama yake akiuliza, "Huyo anayetambaa ni nani?"

"Kamanda."

"Si umnyanyue?"

Mzee_wa_Lagi

Na pingi ya mchana je?

Kamanda_Malaba

210. Nilikwambia usiniulize.