Goldberg namba 4, Bret Hart namba 19, eti "alistaafu mapema". Huyu jamaa tumfanyeje?

KambaYaJuu (mleta uzi):

Wakuu, leo salamu sina. Mnaomjua mnamjua. Yule yule wa "tulieni niwape elimu". Usiku wa kuamkia leo kashusha orodha yake ya wanamieleka 50 bora wa muda wote, na chawa wake wameshajipanga chini kumpigia makofi.

Namba 4, Goldberg. Nikameza. Namba 11, Ultimate Warrior. Nikameza na maji. Nashuka, nashuka, nafika namba 19 ndipo namkuta Bret Hart kabanwa kati ya Kevin Nash na Batista kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Pembeni kaandikiwa maelezo ya mstari mmoja: angekuwa juu zaidi, ila alistaafu mapema.

ALISTAAFU MAPEMA.

Kwani alistaafishwa na nani, malaria? Starrcade, onyesho la kampuni ya mieleka ya WCW, 19 Desemba 1999, Washington. Goldberg, huyu huyu namba 4, anaachia teke la upande linatua kichwani kwa Bret kwa nguvu zote alizojaliwa. Teke la namna ile lina utaratibu wake. Mpigaji anakunja goti kwanza, unyayo anaupeleka juu ya kifua au begani, na nguvu anaizuia kabla mguu haujanyooka. Mlio mnaousikia kwenye televisheni ni kiganja chake kinapiga paja lake mwenyewe. Mpigwaji naye anatanguliza mkono na kurudisha kichwa nyuma kabla unyayo haujafika. Anayepiga asipozuia, hayo mengine yote hayasaidii kitu. Goldberg hakuzuia. Bret akatoka na mtikisiko wa ubongo, Januari 2000 akauachia mkanda wa WCW, Oktoba akatangaza basi. Miaka 43.

Sasa mtu kaligonga gari la mwenzake likawa chuma chakavu, halafu anapewa zawadi ya udereva kwa sababu la kwake bado linatembea. Na aliyegongwa anakatwa alama: ALISTAAFU MAPEMA!

Tena tuhesabu hayo mapema yenyewe. Bret kaanza 1978, mpaka teke lile ni miaka 21. Goldberg kaonekana kwenye televisheni Septemba 1997, kaondoka WWE (kampuni nyingine ya mieleka, zamani ikiitwa WWF) Machi 2004, karudi ulingoni Novemba 2016, kaaga Julai 2025 kule Atlanta kwa kupigwa na Gunther. Jamaa yetu kachukua 1997 mpaka 2025 akaandika "miaka 28 ya utumishi". Miaka 12 na ushee katikati mtu hayupo, na mahudhurio kapewa!

WrestleMania 13, 23 Machi 1997, Rosemont nje ya Chicago. Bret na Steve Austin, refa Ken Shamrock, hakuna kushinda kwa kuhesabiwa tatu mabega yakiwa chini, mpaka mtu asalimu amri. Bret kaingia stelingi, katoka adui. Austin kaingia adui, katoka stelingi. Usiku mmoja, pambano moja, dakika 22. Angalieni pale Austin amebanwa Sharpshooter, ule mbano wa miguu na mgongo wa Bret, damu imeteremka mpaka kwenye meno, anajisukuma kwa mikono, miguu inaanza kufunguka, ukumbi mzima umesimama, halafu anaishiwa. Hakugonga mkeka. Alizimia. Bret kengele imelia na bado anampiga, Shamrock anamkamata kiunoni na kumbwaga, watu wanamzomea Bret. Austin anaamka, refa mmoja anakuja kumsaidia, anapigwa Stunner, pigo la Austin mwenyewe, hapo hapo, kisha anatoka kwa miguu yake. Kila kitu cha WWF baada ya hapo kimetokea kwenye dakika zile.

Sijaenda King of the Ring 1993, mapambano matatu usiku mmoja: Razor Ramon, Mr. Perfect, Bam Bam Bigelow. Mmoja mbabe, mmoja fundi kama yeye, mmoja lijitu. Matatu yote hayafanani hata kwa bahati mbaya. Goldberg wa 1998 yeye fataki, Spear (anakukumba tumboni kwa bega), Jackhammer (anakuinua na kukubwaga), kwaherini. Ukienda kununua soda umekosa kazi yake yote.

Nirudie kwa ambao mtandao wao uko chini. Aliyepigwa teke: 19. Aliyepiga teke: 4. Sababu: ALISTAAFU MAPEMA.

Nimejaribu kulala nimeshindwa. Dari la nyumba limeandikwa ALISTAAFU MAPEMA. Povu ruksa.

---

KengeleTatu: Mkuu kunywa maji. Umeandika ALISTAAFU MAPEMA kwa herufi kubwa mara nne, nimehesabu. Hata Bret mwenyewe hajalia hivi.

MkandaMweupe: Amelia sana tu, tangu 1999 hajanyamaza 😂

MzeeWaVHS: Hiyo ya Bret ni cha mtoto. Mmefungua ukurasa wa pili, wa mapambano bora? Namba moja kaweka Hogan na André, WrestleMania III, Silverdome, 29 Machi 1987. Lile ni tukio, siyo pambano! André mgongo umeshapasuliwa, amevaa mshipi chini ya nguo, hawezi hata kuinama, Hogan mwenyewe dakika 12 anatafuta pa kumshika. Unainua lile jitu mara moja, watu wanapiga kelele, unaondoka. Siku ile ile, ulingo ule ule, Savage na Steamboat walikuwa wameshamaliza kazi. Dakika 14 na nusu, mkanda wa Intercontinental. Savage aliliandika pambano zima kwenye karatasi hatua kwa hatua, wakahojiana kwa namba kama wanafunzi wa darasa la saba, ukinitajia ya 30 nakutajia ya 31 mpaka mwisho. Ndiyo maana mabega yanakaribia kuhesabiwa tatu mara kibao na hakuna hata moja inayochosha. Orodha yake kaliweka la 27. Pambano la 27!!

KambaYaJuu: Mzee umenena, ila tusitoke kwenye mada. Teke.

BwanaMkuki: Mnamwonea Goldberg. Halloween Havoc, Oktoba 1998, Las Vegas, na Diamond Dallas Page. Dakika kumi hivi, hadithi imekamilika, Page, yaani DDP, anampiga Diamond Cutter, pigo lake maarufu, ukumbi unapasuka. Wengi hamlijui kwa sababu onyesho lilizidi muda uliolipiwa na matangazo yakakatika majumbani, ikabidi WCW walirudie bure kesho yake kwenye Nitro, kipindi chao cha kila wiki. Kosa la Goldberg hilo?

KambaYaJuu: Pambano moja zuri, tena aliyelibeba ni DDP, mtu anayepanga kila hatua kwa mwandiko kama Savage. Pambano moja halikupandishi mpaka namba 4. Na halifuti teke.

MdauWaGhuba: Bwana Mkuki, na la Jeddah 7 Juni 2019 unaliweka wapi? Goldberg kakimbia na Spear, Undertaker kakwepa, kichwa kikagonga chuma cha kona, damu. Kuanzia hapo mtu hajui yuko nchi gani. Jackhammer unamwinua mtu wima kichwa chini, unageuka naye, anatua mgongo mzima na wewe juu yake. Yeye miguu ikamwisha njiani, Undertaker akashukia kichwa na shingo. Sentimita chache tu pale tungekuwa tunaandika tanzia. Baadaye kataka kumgeuzia Undertaker pigo lake la Tombstone wakaanguka wote kama gunia mbili za mkaa. Watu wazima wa miaka hamsini na kitu, usiku wa joto lile, nani alipanga?

KengeleTatu: Gunia mbili za mkaa 😂😂😂 nimekufa

KiazikitamuTu: Samahani nauliza kwa nia njema, yale si maigizo? Mnagombania filamu?

MzeeWaVHS: Haya, kaja huyu.

MkandaMweupe: Mshindi anapangwa, sakafu haipangwi. Mankind 28 Juni 1998, Pittsburgh: katupwa kutoka juu ya kizimba, mita tano hivi, mpaka kwenye meza ya watangazaji. Hiyo ilikuwa imepangwa. Ya pili, paa la kizimba lilipoachia akashuka mpaka ulingoni, haikupangwa, na jino likaishia puani. Siku nyingine ukimwona refa anakunja mikono juu ya kichwa ikapishana kama X, ujue anamwita daktari wa kweli.

KiazikitamuTu: Jino PUANI? Sawa, nimejifunza. Naondoka.

MtuWaBudokan: Nyote mnalia na WWE na WCW kana kwamba Japani haipo. Kwenye hizo 50 Misawa hayumo. Hayumo! Misawa na Kawada, 3 Juni 1994, ukumbi wa Budokan, nusu saa na ushee, viwiko vinavyosikika mpaka mitaa ya pili. Unaanza polepole, unamchosha shingo, kila pigo kubwa linakuja baada ya kushindwa mara mbili, ndipo mwisho unakuwa na uzito. Okada na Omega, Tokyo Dome, 4 Januari 2017, dakika 46, Meltzer, mwandishi anayeyapa mapambano nyota, akavunja mizani yake mwenyewe ya nyota tano akatoa sita. Kwa jamaa yetu Okada namba 44, chini ya The Great Khali.

MzeeWaVHS: CHINI YA KHALI?

BwanaMkuki: Nyota za Meltzer zimewaharibu vijana. Dakika 46 nani anakaa? Chai inapoa.

DadaWaKona: Nimesoma mpaka hapa nasubiri kuona kama kuna mwanaume atauliza wanawake wako wangapi. Hakuna. Nawajibu: mmoja. Chyna, namba 48, na maelezo yake yanaanza na "aliyekuwa na Triple H". Manami Toyota hayumo. Sasha Banks na Bayley, Brooklyn, 22 Agosti 2015, Sasha anaukanyaga mkono wa Bayley uliokuwa umefungwa kwa jeraha, anambana shingoni na kuuzuia mkono usifike kwenye kamba. Bayley anaukamata mkono wa Sasha na kuvirudisha vidole vyake nyuma ndipo anachomoka. Jambo dogo lile, vidole tu, limebeba pambano zima. Kaka mleta uzi pole na teke lako, lakini angalau wa kwako kapewa namba.

KambaYaJuu: Dada nakubali kabisa. Lakini alistaaf

KengeleTatu: Hata kumalizia kashindwa 😂

MkandaMweupe: Mimi langu ni The Rock. Kapewa "Sharpshooter bora namba 2". Ile ya The Rock! Sharpshooter unaweka mguu katikati ya miguu ya mtu, unaipishanisha ya kwake kwenye paja lako, unaibana kwapani, unamgeuza kifudifudi, halafu UNAKAA CHINI, karibu na kiuno, mgongo wako wima. Uti wa mgongo wa mwenzako ndio unaobeba kazi. The Rock anasimama nusu, ameinama kama anatafuta funguo chini ya kitanda. Miguu ya mtu inaning'inia haina habari.

KambaYaJuu: NAMBA MOJA YA SHARPSHOOTER NI NANI

MkandaMweupe: Bret.

KambaYaJuu: Kwa hiyo hapo hakustaafu mapema!

GhanaMpakaKesho: Mmemaliza? Kofi Kingston yuko wapi kwenye hii orodha? Mwafrika wa kwanza kuzaliwa kwetu huku akabeba mkanda wa WWE, 7 Aprili 2019, uwanja wa MetLife, kampiga Daniel Bryan kwa haki kabisa, watoto wake wakapanda ulingoni. Kazuiliwa miaka 11 kwenye mikanda midogo. Hayumo kwenye 50. Warrior yumo, mtu aliyekuwa akikimbia kutoka mlangoni anafika ulingoni pumzi imeshakata.

BwanaMkuki: Kofi alipigwa na Lesnar sekunde 8.

GhanaMpakaKesho: Alipigwa AU alipangiwa? Oktoba 2019, usiku wa kwanza kipindi cha SmackDown kiko kituo cha FOX, F-5 moja, pigo la Lesnar, basi. Bingwa wa miezi sita anaondolewa kama inzi. Na siyo 8, ni 9.

MzeeWaVHS: Ni 10 kamili ukihesabu mpaka refa anamaliza tatu.

MtuWaBudokan: Unaanzia kengele au Kofi anaporuka?

BwanaMkuki: Kengele. Daima kengele. Ndivyo walivyohesabu zile sekunde 18 za Sheamus na Daniel Bryan, Miami, 2012.

GhanaMpakaKesho: Zile 18 zimejumlisha busu la AJ, mpenzi wake Bryan? Busu lilikuwa kabla ya kengele au baada?

DadaWaKona: Ninachojua Bryan kambusu, kageuka, teke la kidevu.

KambaYaJuu: Naona teke limetajwa. Nikumbushe kwamba 19 Desemba 1999

MzeeWaVHS: Subiri kwanza mkuu, kuna mtu ana video ya Kofi yenye saa pembeni? Nataka kumwonyesha huyu wa 8.