"Kitufe si unakiona?" Huyu mtu atanitoa roho

Wakuu, leo sisalimii mtu. Nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka.

Mnamjua huyu mtu. Kila ofisi ya programu anaye, yule mwandishi wa programu ambaye code yake haijawahi kuwa na kosa tangu dunia iumbwe. Meneja kauliza kwa nini majaribio ya otomatiki yamefeli usiku kucha. Nikaeleza kwa adabu zote: dirisha jipya la ankara halina AutomationId hata moja, yaani kitambulisho cha ndani cha kila kitufe, skripti yangu ya kubonyeza vitufe haina pa kushika. Jamaa hata kichwa hakuinua. "Kitufe si unakiona?"

Si unakiona! Mimi nakiona. Bibi yangu kule kijijini angekiona, na miwani yake imevunjika. Skripti haina macho! Inaiuliza Windows, "kitufe cha Hifadhi kiko wapi?" Windows inajibu, "hapa kuna paneli." Jedwali zima kalichora mwenyewe kwa mkono kama picha ya Tingatinga, nikifungua Inspect, kifaa cha kuonyesha Windows inaona nini kwenye dirisha, naona mstatili mmoja mtupu.

Nimehangaika hadi basi. Nilianza na viwianishi, bonyeza pikseli 640 kwa 412. Ikaja mashine yenye skrini iliyokuzwa asilimia 125, skripti ikawa inabonyeza Futa badala ya Hifadhi, ikafuta ankara za majaribio mpaka jogoo akawika. Nikahamia SikuliX, ile inayotafuta kitufe kwa picha. Akabadilisha rangi na fonti ya vitufe vyote, picha zangu zikafa siku moja kama kuku wa kideri. Nikakimbilia kibodi, Tab mara 14 halafu Enter. Akaongeza kisanduku cha TIN kimyakimya, Tab ya 14 sasa inatua kwenye Funga!

Na dawa yake ni neno moja. Hii ni WPF, zana ya Microsoft ya kujengea madirisha, akikipa kitufe jina kwenye code, x:Name tu, AutomationId inakuja yenyewe. Lile jedwali ndiyo, linataka AutomationPeer, code ya kulielezea kwa Windows, hiyo kazi naijua. Lakini kitufe?! Mbele ya meneja, mbele ya binti wa field aliyeanza Jumatatu: "si unakiona?"

Na meneja akacheka. AKACHEKA, wakuu.

Kisiki_Mkavu: Naweka kambi hapa.

Bi_Terminal: Pole mkuu. Kwa sasa tumia pywinauto, maktaba ya Python ya kuendesha madirisha, shika lebo iliyo jirani kisha chukua kisanduku kinachoifuata kwenye mti wa vitu vya dirisha. Inavumilia kuliko viwianishi.

Mleta uzi: Lebo nazo kazichora. Nikimwambia, jibu ni lile lile, si unaziona.

Popo_wa_Mchana: Mkuu umeandika "unakiona" hadi mimi sasa nakiona hicho kitufe usingizini 😂

Fundi_Manyundo: Matesta nanyi mmezidi. Mnaandika XPath, ile njia ya kukifikia kitu, ndefu kama treni ya mizigo, Pane[3] ndani ya Pane[1] ndani ya Pane[7], tukisogeza kitu kidogo mnalia. Semeni mnachotaka kabla dirisha halijajengwa.

Mleta uzi: Nimeandika kwenye tiketi mara TATU. Wewe ndiye yeye?

Fundi_Manyundo: Mimi niko Mwanza bana.

Kaka_Nukta: Mnasahau jambo. Mdogo wangu haoni, anatumia NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, nayo inapita mlango huohuo wa kuiuliza Windows. Kwenye dirisha kama hilo anasikia "paneli" basi. Na yeye aambiwe si unakiona?

Mleta uzi: Hii naiprinti, naibandika kwenye kiti chake.

Mzee_Swing: Bora wewe una WPF. Sisi Java Swing, madirisha ya Java, setName ya kukipa kitu jina hakuna aliyewahi kuisikia, na Java Access Bridge, daraja la kuyaonyesha madirisha hayo kwa programu nyingine, kwa mteja imezimwa.

Dada_Kebo: Bora nyie mna mashine. Sisi watu wanne laptopu moja, na kuna mmoja akienda chai anafunga skrini. Skrini ikifungwa hakuna kinachobonyezeka, majaribio yote chini.

Popo_wa_Mchana: Wa kufunga skrini ndio haohao wanaondoka na rimoti ya AC.

Mzee_Swing: Mna AC?! Sisi feni moja, na wahasibu wameigeuzia kwao.

Mhasibu_Mtulivu: Feni ni yetu, risiti ninayo.

Dada_Kebo: Weka risiti hapa.