Mama ana Alzheimer: kumtembeza kila siku kutamponya?

BintiUjiji:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Ujiji, namuuguza mama, ana miaka 74. Daktari alisema ni Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu taratibu. Huyu kauza dagaa pale mwalo wa Kibirizi tangu sijazaliwa, hesabu zote kichwani. Siku hizi anabandika sufuria ya mawese jikoni, anatoka kwenda kukaa chini ya mwembe, mpaka moshi ujae nyumba nzima. Sasa kaka yangu wa Dar kanitumia klipu, eti wataalamu wamegundua mazoezi yanarudisha kumbukumbu, nimtembeze mwendo wa haraka kila siku atapona. Kutwa simu: "Mmetembea?" Ni kweli, au maneno ya klipu tu?

NesiMstaafu:
Pole mwanangu. Kaka yako hajatunga, ila kachanganya kinga na tiba. Klipu nyingi za namna hiyo zinatokana na utafiti wa Marekani wa 2011. Wazee 120 waligawanywa: kundi moja likatembea, likafikia dakika 40 kwa siku, mara tatu kwa wiki, mwaka mzima; jingine likafanya mazoezi ya kujinyoosha. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, iliongezeka kama asilimia 2 kwa waliotembea, kwa wenzao ikasinyaa. Lakini hao hawakuwa wagonjwa!

Waingereza ndio waliowapima wagonjwa wenyewe, karibu 500, majibu yakatoka 2018. Miezi minne ya mazoezi mazito, ya pumzi na ya kunyanyua uzito. Miili ilipata nguvu, akili ikaendelea kushuka vilevile. Tena waliofanya mazoezi walikuwa nyuma kidogo kwenye vipimo vya akili.

Mwanga_Sokoni:
Hata hiyo kinga ina ubishi, Mama Nesi. Kuna watumishi wa serikali wa London, zaidi ya 10,000, walifuatiliwa kwa miaka 28. Waliokuja kuugua walianza kupunguza kujishughulisha hadi miaka tisa kabla ya kugundulika. Kwa hiyo huenda si kukaa kunakoleta ugonjwa, ni ugonjwa unaowakalisha watu.

NesiMstaafu:
Hoja nzuri, na wengi wanairuka. Lakini mazoezi yanashusha presha na yanasaidia sukari, na hivyo viwili vikiachwa vinaongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Kwa hiyo wa kukimbia ni huyo kaka wa Dar, akiwa bado mzima.

Wewe mama mtembeze, ila kwa ajili ya miguu, choo na usingizi. Polepole, asubuhi jua halijawaka, njia ileile. Avae viatu vinavyoshika kisigino, si kandambili. Akivunjika nyonga utakuwa na kazi mbili. Na hilo jiko asiachiwe peke yake.

BintiUjiji:
Asante sana mama, hii naituma Dar kama ilivyo. La mwisho: ikifika saa kumi na moja jioni hatulii, anachukua ungo anataka kutoka, eti anakwenda kuanua dagaa. Nikimwambia hakuna dagaa, tunagombana. Nifunge geti?

NesiMstaafu:
Usibishane naye. Mwambie "twende", toka naye na ungo wake, zungukeni nyumba chache mrudi. Hayo nayo ni mazoezi. Geti funga usiku.