Naomba ushauri: kuchanganya waini kwa fomula ya zamani ya Chianti

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya waini. Niko Toscana, Italia, mzee mwenye nyumba ana mizabibu kidogo na tumekubaliana tutengeneze Chianti, waini nyekundu ya huku, kwa kufuata fomula ya Bettino Ricasoli wa Castello di Brolio, yule baroni aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia. Hiyo ngome iko mikononi mwa familia yake tangu 1141 aisee, na kwenye barua yake ya 1872 alieleza zabibu nyekundu aina ya Sangiovese ndo inatoa harufu na nguvu, Canaiolo, nyekundu pia, inapunguza ukali, Malvasia, zabibu nyeupe, ni ya waini ya kunywa mapema, ile ya kukaa miaka bora usitie Malvasia.

Tumejaribu kwenye chupa kubwa za kioo, bila Malvasia ulimi unakauka kabisa, tukiongeza kidogo inakuwa laini ila rangi inafifia mpaka unaona vidole upande wa pili wa glasi. Yetu ni ya kunywa nyumbani tu.

Sasa nauliza, zabibu zote zichachuke pamoja pipa moja au kila aina peke yake ndo tuchanganye baadaye? Na tukizidisha Canaiolo badala ya Malvasia, ukali utapungua bila kuua rangi?