Mariachi ya suti na tarumbeta: ni urithi au ni kazi ya redio?

MtuWaPwani
Wakuu, salamu. Niko Houston na jirani zangu ni Wamexico. Juzi walimfanyia binti yao sherehe ya kutimiza miaka 15, wakaleta mariachi: fidla, tarumbeta mbili, lile gitaa lenye tumbo kubwa, suti zimebana na vifungo vinang'aa mguu mzima. Nilipenda, nikaenda kusoma. Nikakuta zamani hawakuwa na tarumbeta wala hizo suti! Sasa UNESCO walipoiorodhesha mwaka 2011 waliorodhesha nini hasa? Anayejua aniweke sawa.

Kobe_Mzee
Biashara tu hiyo, mkuu. Nenda Xochimilco, kwenye mifereji ya Mexico City, wanakuja na boti yao ubavuni mwa yako, unalipia kila wimbo. Ukisema huna hela, huyoo, wamehamia boti nyingine. Urithi gani wa kulipishwa?

ShemejiWaJalisco
Naishi Mexico City, mke wangu ni wa huku na mama mkwe katokea Jalisco, pande za Cocula. Mada hii naisikia hata nisipouliza.

Ulichosoma ni kweli. Muziki huu ni wa majimbo ya magharibi mwa Mexico: Jalisco, Nayarit, Colima, Michoacán. Wapigaji walikuwa watu wa mashambani, nguo nyeupe za pamba na ndara za ngozi. Fidla, vihuela (kigitaa cha nyuzi tano, mgongo umebinuka), na kutegemea sehemu, guitarrón (lile gitaa lenye tumbo kubwa ulilosema) au kinubi. Kule Tierra Caliente ya Michoacán mpaka leo utakuta mmoja anacharaza kinubi huku mwenzake ameinama anakipiga ubavuni kwa viganja. Ngoma yao ndiyo hiyo. Suti ni ya charro, wapanda farasi wenye ng'ombe na mashamba. Mpiga fidla wa kijijini angeitoa wapi?

Mambo yalibadilika walipoingia mjini. Gaspar Vargas alianzisha kundi lake, Mariachi Vargas, huko Tecalitlán, Jalisco, miaka ya 1890, na miaka ya 1930, chini ya mwanawe Silvestre, likahamia Mexico City. Redio ya XEW ilikuwa imeanza 1930. Sinema nazo zikawaweka waimbaji nyota Jorge Negrete na Pedro Infante mbele, mariachi nyuma, wote kicharro. Tarumbeta ikapata kiti chake humo, na kufika miaka ya 1950 zikawa mbili.

Lakini ni onyesho la watalii tu? Hapana. Baba mkwe alipofariki walimpigia makaburini, na sikuona mtalii hata mmoja. Tarehe 12 Desemba, usiku wa manane, wanakwenda basilika kumwimbia Bikira wa Guadalupe kama anavyoimbiwa mtu siku yake ya kuzaliwa. Na mwanamume aliyegombana na mkewe huwaleta chini ya dirisha saa saba usiku. Majirani hawaiti polisi, wanachungulia waone kama atasamehewa. UNESCO waliliangalia hilo: sherehe, ibada, na mtoto kujifunza kwa sikio kutoka kwa baba yake. Vifungo vya suti havikuwa hoja.

Kobe_Mzee, kulipwa walikuwa wanalipwa tangu huko mashambani. Hapa Plaza Garibaldi wanatoka hadi barabarani, Eje Central, wanapungia magari, mnapatana kwa wimbo au kwa saa. Siku ukifika simama karibu na mpiga guitarrón. Anavuta nyuzi mbili kwa mpigo mmoja, nene na nyembamba, sauti ileile chini na juu, na shingoni mwa chombo hakuna vile vichuma vya gitaa vya kumwonyesha pa kubana. Hana spika. Anafanya hivyo mpaka alfajiri. Ukishaviona vidole vyake, mwambie hutamlipa.

Kobe_Mzee
Hahaa, basi yaishe. Ila bei zao bado ni kali.

DadaWaLA
Mmewasahau wanawake. Huku kuna Mariachi Reyna de Los Angeles, wanawake watupu tangu 1994, na guitarrón analibeba dada kama kawaida. Pia Boyle Heights, mtaa wa huku LA, kuna Mariachi Plaza, wapigaji wanasubiri kazi hapo kama huko Garibaldi.

ShemejiWaJalisco
Kweli, dada. Mama mkwe hana neno na wanawake. Aliyemshinda ni mpiga tarumbeta. Anasema anawafunika wenye fidla, na mimi kwa hilo nakaa upande wake, hasa ukumbi ukiwa mdogo.

MtuWaPwani
Shukrani sana, shemeji. Nikitaka kusikia tofauti kwa masikio yangu nianzie wapi?

ShemejiWaJalisco
Tafuta Cuarteto Coculense, rekodi za 1908. Watu wanne wa Cocula: fidla mbili, vihuela, guitarrón. Santuri zenyewe zinakwaruza, vumilia, ukizoea utasikia vihuela inavyokimbia na waimbaji wanavyopokezana. Kisha weka Mariachi Vargas wa miaka ya 1950, Rubén Fuentes akiwa ameshaanza kuwapangia muziki. Mama mkwe anasema ukimaliza ile ya kwanza zima.