Je, shujaa aruhusiwe kumsaliti mshirika wake ili apate madaraka?

Mchongakete, Moshi:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa miezi kadhaa sasa mimi na wenzangu wawili hapa Pasua tunatengeneza mchezo wa ubaoni wa watu wanne, ambao ramani yake ni mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro katika miaka ya 1880 na 1890. Kila mchezaji ni shujaa mwenye eneo lake, ng'ombe wake, migomba yake na mfereji mmoja wa maji, na mshindi ni yule atakayekuwa na nguvu kuliko wenzake baada ya zamu kumi. Wawili wakipatana hubadilishana kadi zenye picha ya jani la sale, na tangu hapo hugawana maji na kulindana vitani.

Mzozo wetu unatokana na kadi moja tuliyoiita Mgeuko. Anayeicheza huvunja agano, huchukua nusu ya ng'ombe wa mshirika wake na kumfungia mfereji, na hakuna kanuni yoyote inayomdai chochote baada ya hapo. Jumamosi iliyopita tuliujaribu mchezo sebuleni kwangu, akiwemo mpwa wangu wa kidato cha tatu, ambaye tangu zamu ya pili alikuwa akipeleka wapiganaji wake kumlinda mshirika wake mpaka kwake mwenyewe wakabaki wawili tu. Ilipofika zamu ya kumi, yule mshirika alilichukua jani la sale alilopewa, akalilaza kifudifudi mezani, akacheza Mgeuko na kuondoka na ng'ombe sita. Mpwa wangu hakugombana na mtu. Alikusanya vikombe vya chai, akaenda kuviosha, na hakurudi mezani.

Tangu siku hiyo mwenzangu mmoja anataka kadi hiyo ichomwe moto, na wa pili anasema kwamba bila kadi hiyo mchezo utapooza kama ugali wa jana. Naomba mawazo yenu: je, ni halali mchezo kumpa shujaa njia ya kupanda juu kwa kumkanyaga aliyemwamini?

MamaRau:

Mimi ningeiondoa, na sina haja ya maneno mengi. Sale kwetu Wachagga si pambo. Ndilo linalopandwa mpakani ili jirani asibishane na jirani, na ndilo analolishika mkononi mtu aliyekosa anapokwenda kuomba radhi, na aliyekosewa akiliona huona vigumu sana kumkatalia. Mmelifanya chambo, kisha mnashangaa mtoto ameinuka mezani. Kama ni lazima kadi hiyo ibaki, basi tafuteni picha nyingine ya agano.

KijanaWaSakina, Arusha:

Shikamoo MamaRau. Kuhusu jani nakubaliana nawe, lakini kuhusu usaliti wenyewe sikubali. Tungewaondolea wasimulizi wetu usaliti, Fumo Liyongo angezeeka tu kitandani mwake na hakuna ambaye angemkumbuka. Mwanawe aliahidiwa kuozwa binti wa mfalme, akamchoma baba yake kwa sindano ya shaba kitovuni alipokuwa amelala. Msimulizi hamfichi yule kijana wala hamzuii mkono, bali anamwacha atende, kisha anatuonyesha kwamba hakuipata harusi aliyoahidiwa.

Gemu za kompyuta nilizozicheza zenye uhuru wa namna hiyo hufuata njia hiyohiyo. Katika Star Wars: Knights of the Old Republic, iliyotoka mwaka 2003, mchezaji akichagua upande wa giza karibu na mwisho hulazimika kupigana na baadhi ya wenzake aliosafiri nao tangu mwanzo. Katika Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, ukiwageuka wakimbizi waliojificha msituni na kuwashambulia, Wyll na Karlach hawakufuati tena, na saa zote zilizobaki unacheza ukiziona nafasi zao zikiwa tupu kambini. Mlango wa usaliti uko wazi, ila ukiupita, nyumba haiwi ileile.

Tofauti ni kwamba huko anayesalitiwa ni mhusika aliyeandikwa na mtu, hana vikombe vya kuosha. Mezani anayesalitiwa ni binadamu. Kwa hiyo kabla ya kadi ya kwanza kugawiwa, kila mmoja aambiwe waziwazi kwamba maagano humu huvunjika. Mchezo wa Diplomacy, uliotolewa mwaka 1959, una dola saba za Ulaya na hauna bahati ya dadu hata kidogo. Wachezaji huahidiana watakacho, kisha kila mmoja huandika amri zake kwa siri na zote husomwa kwa pamoja, na kanuni zinasema tangu mwanzo kwamba hakuna ahadi inayomfunga mtu. Anayeketi hapo anajua amekuja kufanya nini. Je, mpwa wako aliambiwa?

Mchongakete, Moshi:

Hakuambiwa. Kadi ya Mgeuko ilikuwa imechanganywa na nyingine, naye aliiona kwa mara ya kwanza ilipochezwa dhidi yake. Kosa hilo ni letu.

MwalimuWaHesabu, Arusha:

Naomba tuitazame zamu ya kumi, maana kwa maoni yangu kasoro imejificha hapo kuliko kwenye kadi. Mchezaji anayejua kwamba zamu hii ndiyo ya mwisho hana sababu yoyote ya kutunza agano, kwa kuwa hakuna kesho ambayo atalipizwa. Na mshirika wake akiling'amua hilo, atamwahi katika zamu ya tisa, na mwenye akili zaidi atawahi katika ya nane, hivyo hivyo tukirudi nyuma mpaka agano zima linakosa maana tangu siku linapofungwa.

Mwaka 1980 Robert Axelrod wa Marekani alichapisha matokeo ya mashindano ya programu za kompyuta ambamo kila programu ilikutana na nyingine mara nyingi, na kila mara ikachagua kushirikiana au kusaliti. Iliyoshinda ililetwa na Anatol Rapoport, nayo ilikuwa fupi kuliko zote: huanza kwa kushirikiana, kisha humtendea mwenzake kile alichotendewa mara iliyopita. Akaitisha mashindano ya pili, zikaja programu 62, na ileile ikashinda tena ingawa sasa kila mtu aliijua. Kinachotuhusu sisi ni kwamba katika mashindano ya kwanza idadi ya mikutano ilikuwa imetajwa, yaani 200, lakini katika ya pili aliiondoa na kuacha mwisho utokee kwa bahati, ili asiwepo wa kuvizia mkutano wa mwisho.

Fanyeni hivyo. Zamu saba za kwanza zichezwe bila shaka yoyote, na kuanzia ya nane mtu arushe dadu kila zamu inapokwisha; ikija sita, mchezo umekwisha hapohapo. Atakayecheza Mgeuko hatajua kama anaondoka na ushindi au anabaki na majirani watatu waliomwona. Bila shaka bado kutakuwa na wenye roho ngumu watakaojaribu, na ni haki yao.

MzeeWaKolila:

Nimewasoma wote. Mimi nina ugomvi na neno lenyewe. Mmechagua mlima wetu na miaka ile, kisha mkatumia neno "usaliti" kana kwamba mamangi, yaani watawala wa Wachagga, walikuwa ndugu wa chama kimoja. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wengine humwita Mandara, na Mangi Sina wa Kibosho walikuwa mahasimu. Rindi alipotia sahihi mkataba na Wajerumani mwaka 1885 hakumgeuka Sina, maana hawakuwa na agano la kuvunja. Alitafuta mwenye bunduki nyingi wa kumsaidia dhidi ya adui yake, na kwa hesabu za siku ile hakuwa mjinga. Mwezi wa Februari 1891 Hermann von Wissmann, mkuu wa Wajerumani, alipanda na jeshi lake, watu wa Rindi wakiwa pamoja naye, na ngome ya Sina ikavunjwa.

Sasa tazameni nguvu hiyo ilikwenda kwa nani. Rindi alifariki mwaka huohuo. Mwanawe Meli akapigana na Wajerumani mwaka 1892 na kuwashinda. Wakarudi mwaka 1893 wakamshinda yeye. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga hapa Moshi ya Kale pamoja na wenzake kadhaa, kwa tuhuma za kula njama, na wazee wetu husimulia kwamba maneno ya kumponza yalitoka kwa mangi mwenzake. Kichwa chake kilikatwa, na hadi leo ukoo wake unalitafuta fuvu ili lizikwe. Zile bunduki zilizomfurahisha baba hazikuuliza mwana ni wa nani.

Kwa hiyo kadi yenu si mbaya kwa kuwa inaruhusu mtu kumwacha mwenzake. Ubaya wake ni kuonyesha kwamba ng'ombe sita wanahama kutoka zizi hili kwenda zizi lile na habari imekwisha. Wekeni pembeni mwa ubao ngazi ya hatua saba, na juu yake kete moja isiyo ya mchezaji yeyote, muiite Boma, yaani ngome ya Wajerumani. Kila anayetaka kumwangusha jirani yake aazime askari wa Boma, apewe ushindi wake, na kete ipande hatua moja. Ikifika hatua ya saba, wote wanne wameshindwa, na anayehesabu ng'ombe ni mwingine.

KijanaWaSakina, Arusha:

Mzee, shikamoo. Hapo umenipa jambo la kutafakari, ila nina hofu moja: mchezaji anayekwisha kushindwa anaweza kuipandisha kete makusudi ili wote waanguke naye. Nimekutana na watu wa aina hiyo.

MzeeWaKolila:

Marahaba. Hata enzi zile walikuwepo.

Mchongakete, Moshi:

Nawashukuru sana. Jana usiku tumeketi na wenzangu tukakubaliana hivi: kadi za Mgeuko zitawekwa wazi mezani na kusomwa kwa sauti kabla ya kuanza, dadu itarushwa kuanzia zamu ya nane, na ngazi ya Boma nimeshaichora kwa kalamu kwenye ukingo wa manila, ingawa imeminya kidogo eneo la Machame na itabidi nichore upya. Jani la sale tumelitoa katika maagano, tukaweka kibuyu cha mbege. MamaRau, jani litarudi kama kadi ya kuombea radhi, nayo itamlazimu aliyesalitiwa amsikilize mwombaji kwa zamu moja bila kumshambulia. Kuhusu hofu ya KijanaWaSakina bado hatujapata dawa, na mwenzangu mmoja anasema tuiache hivyo hivyo.

Mpwa wangu amekubali kurudi Jumamosi. Ameuliza kama Boma linaweza kuazimwa katika zamu ya kwanza.