Ndugu wa mume, acheni kuwapima watoto wangu kwa macho!

Wakuu, salaam. Nimekaa na hili tangu Jumapili. Bora nilimwage hapa kabla sijalimwaga pabaya.

Nina watoto wawili. Binti ana miaka minane, mwili amechukua wa baba yake. Mdogo wake wa kiume ana mitatu, mwembamba, hatulii hata dakika. Ukweni, Walukuba kule Jinja, majina yao yalishasahaulika: mmoja Bonge, mwingine Njiti. Hatujavua viatu, wifi keshamnyanyua huyu mdogo kama anayekadiria mfuko wa mkaa: "Mnamlisha huyu, au anatazama wenzake wakila?" Kisha kwa dada mtu: "Na wewe ndiye unayemmalizia?" Sebule nzima kicheko. Na binti yangu anacheka nao, afanyeje?

Sahani zikija ndiyo balaa. Njiti anarundikiwa matoke na mchuzi wa karanga, anashikwa kidevu, "achama!" Bonge ananyofolewa nyama sahanini mbele ya binamu zake. Saa kumi hao hao wanampa hela akajinunulie soda. Chupa ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vinane vya chai, jamani, halafu kinachonenepesha ni kipande cha nyama!

Wiki mbili zilizopita, nyumbani Kampala, niliona sisimizi wamejipanga ukutani. Nikawafuata mpaka kitandani kwa binti. Chini ya mto, kabalagala tatu, vile vikaango vya ndizi, kwenye karatasi ya daftari la hesabu, moja imeng'atwa. Namuuliza, mbona unaficha, nani kakunyima? Akasema, "Mama, nikila watu wakiniona wanahesabu." Nilitoka nikakaa bafuni.

Sasa Jumapili. Tunarudi kutoka Jinja, mdogo kalala kwenye taksi. Najjembe, kituo cha njiani pale wauza kuku wa kuchoma na gonja, ndizi za kuchoma, wanapojazana madirishani, siku zote hupiga kelele anunuliwe. Safari hii hakufumbua jicho. Nyumbani kalala mpaka asubuhi bila kula. Nikafungua begi lake: chupa ya dawa ya maji, imebaki robo! Nikapiga simu. Mama mkwe, bila wasiwasi: "Hiyo ni ya kumpa hamu ya kula mjukuu wangu, wifi yako kaitoa duka la dawa." Kumbe walianza tangu Alhamisi, nilipowaacha watoto kule.

Nikambeba kituo cha afya na chupa yangu mkononi. Nesi kuisoma tu akaguna: siproheptadini, dawa ya mzio. Hamu ya kula ni athari yake ya pembeni, na usingizi vilevile. Nani alimwandikia? Kipimo gani? Hakuna. Akampima: kilo 13. Akamzungushia mkononi ule utepe wa kupima utapiamlo: sentimita 15, kijani kabisa, yaani yuko salama. Njano ni kuanzia 11.5 mpaka 12.5, nyekundu ni chini ya hapo. Akanieleza kuwa mtoto akishavuka mwaka mmoja kasi ya kukua hupungua, na kati ya miaka miwili na mitano huongeza kama kilo mbili tu kwa mwaka. Leo atakula sahani mbili, kesho atataka chai tupu. Kazi yangu ni kuandaa chakula cha maana kwa wakati wake; ale kiasi gani, tumbo ni lake.

Mama mkwe namwelewa kidogo, sitadanganya. Alizika mtoto wa surua, na kwake wembamba ni harufu ya msiba. Ila wifi? Wifi ana simu kubwa kuliko yangu, angeuliza! Na huyu mume wangu ndiye ananimaliza. Kila nikifungua mdomo: "Ni mama yangu, unataka nimfanye nini?" Nataka useme, baba. Bonge ni binti yako na ana jina, ulimpa wewe mwenyewe.

Ijumaa tunatakiwa Walukuba tena, kuna dua. Chupa naibeba kwenye mkoba, nitaitua katikati ya sinia la pilau. Mwanaume anasema nitavunja ukoo. Nyie mliopita huku, mbele ya mama mkwe mlianza na neno gani?